Amekupiga? Historia ya Swali Moja la Tarime na Serengeti

Ndugu msomaji, wewe unayelisoma jarida hili ukiwa Kariakoo, Mwanza au Arusha, najua Tarime unaijua kwa mambo matatu tu: bangi, wizi wa ng'ombe na watu wakali waliojaa jeshini. Sikulaumu, hata sisi wenyewe tukifika mjini huwa tunajitapa kwa hayo hayo ili tuogopwe kidogo. Leo nakuletea jambo la nne, na hili hatujitapii.

Dada yangu (nitamwita Dada tu, jina lake halitakusaidia kitu) ana kibanda cha kushonea nguo katika kijiji kimoja kati ya Tarime mjini na Nyamongo. Mwaka juzi akiwa na miaka ishirini na mitatu, jamaa mmoja mchimbaji alileta kitambaa ashonewe shati. Shati likashonwa, likalipiwa, likavaliwa. Basi bwana, ingekuwa ni shati tu, leo nisingekuwa na la kuandika. Jamaa akarudi kesho yake bila kitambaa. Akapiga saundi zake, Dada akamjibu kwa adabu kwamba hataki. Akarudi keshokutwa. Akawa anasimama chini ya mwembe ulio mkabala na kibanda tangu asubuhi mpaka cherehani ifunikwe. Dada akienda kisimani, yupo. Akienda kanisani, yupo nje kwenye ukuta. Akabadilisha njia ya kurudi nyumbani, siku ya tatu akamkuta kwenye njia hiyo mpya, amekaa juu ya jiwe kama mtu aliyealikwa. Ikaja simu, zikaja meseji, ukaja usiku mmoja mwanga wa tochi kwenye dirisha la chumba anacholala. Miezi minane, na kwa muda wote huo hakumgusa hata ukucha.

Dada akaenda kituoni. Sitakitaja, maana afande aliyemsikiliza hakuwa mtu mbaya, alimpa hata kiti. Akamuuliza, "Amekupiga?"

"Hapana, afande."

"Amekuingilia kwa nguvu?"

"Hapana."

"Amekwambia atakuua?"

"Amesema nisipoolewa naye sitaolewa na mtu."

"Aa, hiyo lugha ya mapenzi hiyo, binti yangu. Nenda nyumbani. Akikugusa, njoo mbio."

Dada alirudi akasimulia huku anacheka, kile kicheko ambacho mtu akikuchekea unatamani angelia. Mimi ni mtu wa riwaya, au tuseme natafuta kuwa mtu wa riwaya, sheria sikusomea na elimu yangu iliishia kidato cha nne. Lakini lile swali lilinikaa kichwani. Kwa nini ni hilo la kwanza? Nani alilitunga? Nikaanza kuazima vitabu na kuwasumbua wazee. Nilichokipata ni kwamba mwanamke anayeandamwa katika nchi hii yetu ya Mara amekuwa na mahali pa kukimbilia tangu zamani sana. Tatizo ni kwamba kila alipokimbilia alikutana na swali mlangoni, na swali lenyewe halikuwa linamhusu yeye.

Kwanza tuongee juu ya neno. Waingereza wana neno lao moja kwa mtu wa namna ya yule jamaa, na neno hilo ni la porini: ni lile lile wanalolitumia kwa mwindaji anayemwendea mnyama polepole kwa kujificha. Wa Serengeti hahitaji kufafanuliwa. Simba hakimbizi punda milia kutwa nzima. Hulala kwenye nyasi, hutazama, husogea, hulala tena. Sisi tuna kunyemelea, tuna kuvizia, tuna kuandama, lakini ukiingia ofisini ukasema "ananiandama" unaonekana unalalamikia mkosi. Na kumbuka kwamba sheria za nchi hii ziliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu ndipo Bunge lilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake karibu miaka mia moja ya kesi imepita ambamo msichana alisema jambo kwa Kikurya, karani akalitia katika Kiswahili, hakimu akaliandika kwa Kiingereza. Hapo katikati vitu vingapi vilidondoka, hesabu mwenyewe.

Sasa turudi nyuma. Kabla ya boma na kabla ya karatasi, kila ukoo wa Wakurya, uwe Wanchari, Wairege, Wanyabasi, Watimbaru au Warenchoka, ulikuwa na mambo mawili ya kuamulia mashauri: baraza la siri la wazee liitwalo inchama, na mkutano wa hadhara, ritongo, ambao mpaka leo ukiitishwa watu huacha majembe. Huko kulizungumzwa vita, wizi, laana, mipaka ya mashamba. Na wasichana pia walizungumzwa, ila kwa kupitia ng'ombe. Sikiliza namna mambo yalivyofungamana. Ng'ombe wanaokuja kwa ajili ya dada ndio wanaokwenda kumwolea kaka yake. Dada asipoolewa, kaka anakaa kapera. Dada akikimbia kwa mumewe, ng'ombe wanadaiwa, na huenda wameshavuka mto kwenda kwa watu wengine kwa ajili ya mke wa kaka. Kwa hiyo msichana mmoja anayesema "simtaki" anaweza kutikisa nyumba tatu.

Kijana asiye na ng'ombe, au aliyekataliwa, alikuwa na njia nyingine. Angewakusanya marafiki zake wamvizie msichana njiani, wambebe. Baadaye wazee wangekaa. Na wakikaa, swali lilikuwa: ng'ombe wake wako wapi? Kubebwa bila ng'ombe lilikuwa kosa, kosa kubwa, damu ingeweza kumwagika kwa ajili yake. Lakini aliyekosewa alikuwa baba na ukoo wake. Wakilipwa pamoja na faini, shauri limekwisha, hata kama binti bado analia ndani. Sisemi wazee hawakuwa na huruma. Wapo waliomrudisha binti nyumbani, na mpaka leo nasikia habari za bibi zetu waliosimama kidete. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa na swali lake.

Msomaji wa Kisukuma naye asitucheke. Kule Shinyanga na Mwanza kuna chagulaga: kundi la vijana linamfuata msichana njia nzima likimtaka achague mmoja wao, na kutochagua hakumo katika mchezo. Wazee wanakwambia ilikuwa utani wa ngoma tu. Muulize aliyefuatwa.

Wazungu walipokuja, jambo la kwanza walilofanya kwetu ni kupiga mstari. Mwaka 1886 Mjerumani na Mwingereza walikubaliana mpaka unaotoka pwani mpaka ziwani, na Wakurya wakajikuta wamekatwa katikati kama mkate, nusu huku nusu kule. Mstari huo uweke akilini, tutaurudia. Wajerumani wakajenga boma Shirati upande wa ziwa na Ikoma upande wa mbugani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaja Mwingereza na mahakama zake za wenyeji, na mwaka 1945 akatuletea Kanuni ya Adhabu ambayo, pamoja na viraka vyake vyote, ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Nimeisoma ile Kanuni kwa shida, kamusi mkononi, na nakwambia mna mambo mazuri na mna kioja. Uzuri ni kwamba kumchukua mwanamke wa umri wowote bila ridhaa yake ili umwoe lilikuwa kosa la kifungo cha miaka saba. Ridhaa yake yeye! Hebu fikiria jambo hilo likisomwa mbele ya ritongo. Lakini geuza ukurasa, utakuta kosa la kumtorosha msichana wa chini ya miaka kumi na sita ambaye hajaolewa, na hapo sheria inataka kujua kama alichukuliwa kinyume na matakwa ya baba au mama yake. Yake yeye hayaulizwi. Yaani Mwingereza kutoka London na mzee wa inchama kutoka Nyamwaga, ambao hawakuwahi kunywa pombe pamoja, walikuwa wamekubaliana bila kujuana: msichana ni wa mtu, na mwizi ni yule asiyemwomba mwenyewe.

Palikuwa na kifungu kingine kidogo, kilichokopwa kutoka sheria za India, cha kumwadhibu anayemvunjia mwanamke heshima kwa maneno, kwa ishara, au kwa kuingilia faragha yake. Mwaka mmoja jela. Tochi dirishani ingeweza kuingia humo. Lakini niambie ni msichana gani wa kijijini wa mwaka 1950 angefunga safari mpaka kwa hakimu wa Kizungu kumshitaki mtu kwa tochi.

Ubaya ni kwamba miaka hiyo hiyo mahari ilipanda kama maji ya Mara wakati wa masika. Mambo haya yameandikwa vizuri zaidi kwa majirani zetu Wakisii, ng'ambo ya mpaka. Mtaalamu wa Kimarekani, Robert LeVine, alichapisha mwaka 1959 makala kuhusu wimbi la kubaka na kuteka wasichana lililoikumba Kisii mwaka 1937 na tena mwaka 1950, na sababu mojawapo aliyoiona ni vijana kushindwa kufikisha ng'ombe waliotakiwa. Brett Shadle naye mwaka 2006 akatoa kitabu kizima juu ya mashauri ya wasichana katika mahakama za kikoloni za huko. Mabinti wanaotoroka na wanaowapenda, mabinti wanaotekwa na wasiowapenda, na mababa wanaodai wote warudishwe, wote kwa kesi ya aina moja. Hilo ndilo lililonistua. Mbele ya dawati la karani, aliyetoroka kwa hiari na aliyebebwa anapiga kelele walikuwa faili moja.

Twende mbele haraka, tuvuke Uhuru, maana hapo mambo hayakubadilika usiku mmoja, tufike mwaka 1971.

Hapa naomba tukae kidogo. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilianza kama waraka wa serikali wa mwaka 1969 na ilizua kelele nchi nzima, maana ilikuwa inaingia vyumbani mwa watu. Kwa mtu wa Tarime ilikuwa kama radi. Ilisema ndoa ni hiari ya wawili. Ilisema ndoa haibatiliki eti kwa sababu mahari haikutolewa. Ilisema hakuna mume mwenye haki ya kumchapa mke. Kweli iliacha msichana aolewe na miaka kumi na mitano, jambo ambalo Mahakama Kuu ililitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016 katika kesi ya Rebeca Gyumi, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Lakini kwa jumla ilikuwa sheria ya watu waliothubutu.

Na ndani yake, kule mwishoni ambako wasomaji wengi hawafiki, nilikuta kitu ambacho kilinifanya niinuke kitini. Inasema mahakama inaweza kumwamuru mtu aache kujilazimisha kuwa karibu na mwenzake wa ndoa, au aliyekuwa mwenzake, na aache kumsumbua. Kujilazimisha kuwa karibu! Hayo si ndiyo maneno ya mwembe ule? Si ndiyo jiwe la njiani? Mwaka 1971 Tanzania ilikwisha kulijua jambo lenyewe na dawa yake. Marekani, ambako filamu za mambo haya zinatengenezwa, jimbo la California lilitunga sheria yake ya kwanza dhidi ya waandamaji mwaka 1990, baada ya mwigizaji Rebecca Schaeffer kupigwa risasi mlangoni pake mwaka 1989 na mtu aliyemfuatilia kwa miaka. Uingereza ilisubiri mpaka 1997. Sisi tulikuwa na maneno yetu miaka karibu ishirini kabla.

Ila soma masharti. Amri hiyo hutolewa wakati kesi ya ndoa inaendelea, au baada ya ndoa kubatilishwa, kutenganishwa au kuvunjwa. Yaani ili mahakama imkataze jamaa kusimama chini ya mwembe kwa kifungu hicho, ni lazima kwanza Dada awe ameolewa naye! Aliyemkubali kisha akamwacha analindwa. Aliyemkataa tangu siku ya kwanza, pole yake.

Subiri, bado. Sheria hiyo hiyo inampa mtu haki ya kwenda mahakamani kudai zawadi alizotoa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa. Kwa hiyo yule jamaa, kama angekuwa amempa Dada kitenge, angekuwa na kesi. Kitenge kina mlango mahakamani, na aliyepewa kitenge ndiyo kwanza anauliza mlango uko wapi. Niliposoma hapo nilikifunga kitabu, nikaenda kunywa chai.

Mabadiliko yaliyofuata hayakuanzia Tarime. Yalianzia chuo kikuu, mahali ambapo ungedhani watu wamestaarabika. Pale Mlimani, Dar es Salaam, kulikuwa na kikundi cha wanafunzi wa kiume waliojificha nyuma ya jina la Mzee Punch, wakibandika ukutani michoro na matusi juu ya wanafunzi wenzao, na zaidi wasichana, hasa waliowakataa. Ukishabandikwa, watu walitakiwa wakutenge. Februari 1990 mwanafunzi mmoja, Levina Mukasa, alijiua baada ya kuandamwa namna hiyo. Lile swali la afande lingeweza kumpita hivi hivi.

Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa kimeanzishwa miaka mitatu tu kabla ya hapo, mwaka 1987, kilipiga kelele, wanasheria wanawake nao wakaingia, na katika miaka minane ya kupigania likapatikana jambo: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Hiyo ndiyo iliyoingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la kumsumbua mtu kijinsia hata kwa maneno au vitendo tu, adhabu mpaka miaka mitano au faini isiyozidi shilingi laki mbili, au vyote. Na hiyo hiyo ikafanya ukeketaji wa msichana wa chini ya miaka kumi na minane kuwa jinai, miaka mitano hadi kumi na mitano.

Hilo la pili ndilo lililoirudisha historia hii nyumbani kwetu, maana huku Mara kukeketwa ni tangazo. Msichana akishatoka hapo amekuwa mtu wa kuposwa, na macho yaliyokuwa yakimtazama kwa mbali sasa yana ruhusa. Takwimu za afya za nchi za 2015/16 zilionyesha wanawake 32 katika kila 100 wa Mara wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ni 10. Misimu yetu huja kila baada ya mwaka mmoja, mwezi Desemba shule zikifungwa. Kwa hiyo Desemba ya msimu ikifika, msichana asiyetaka huandamwa na watu aliokula nao chungu kimoja: baba, shangazi, kaka, na nyuma yao, wakati mwingine, mtu ambaye ameshaonyesha ng'ombe.

Watu wakaanza kujenga mahali pa kukimbilia. Masanga, huku Tarime, ni kituo ambacho wasichana hukaa msimu mzima mpaka visu vipoe. Mugumu, makao makuu ya Serengeti, nyumba salama ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa la Anglikana, na aliyekuwa mbele ni Rhobi Samwelly, mwanamke wa huku huku ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa binti na nusura afe. Baadaye akaanzisha shirika lake na nyumba nyingine Butiama. Filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018 inaonyesha kazi hiyo: wasichana wadogo wanaotembea usiku porini, kule kule kwenye fisi, kwa sababu fisi wana nafuu. Inaonyesha pia polisi wa dawati la jinsia wakienda vijijini usiku na gari. Namtaja afande wa namna hiyo makusudi, ili usije ukadhani nimekuja kuwatukana polisi.

Nawaheshimu hao wote kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini angalia vizuri jinsi kinga yenyewe inavyofanya kazi. Anayehama ni msichana. Anayeacha shule yake, mama yake, mbuzi wake, ni msichana. Anayefungiwa geti ni yeye, na anayeandama anabaki kijijini anakunywa pombe yake jioni kama kawaida. Kitu kilichonivutia zaidi ni kinachofanyika msimu ukiisha: wazazi huitwa, mbele ya polisi na viongozi, wakaahidi kwamba binti akirudi hataguswa. Ahadi mbele ya mashahidi, kabla ya kosa. Hilo nililiweka kiporo.

Sasa ule mstari wa 1886. Kutoka kijijini kwetu mpaka Sirari ni safari ya pikipiki. Ukivuka unaingia Isebania, Kenya, na watu ni wale wale, Wakurya wale wale, unaweza ukakutana na mjomba wako anauza sukari. Mwaka 2015 Kenya ilitunga sheria ya kulinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na humo, katika orodha ya ukatili, kumwandama mtu kumetajwa kwa jina lake. Mke, mtalaka, mchumba wa zamani au aliyekuwa na uhusiano wa karibu na mtu anaweza kwenda kwa hakimu, hata hapo Kehancha, akaomba amri ya kinga. Uganda walikwisha kutunga yao ya ukatili wa nyumbani mwaka 2010. Dada hata ng'ambo asingepona moja kwa moja, maana yeye na jamaa walikuwa na uhusiano wa shati tu, lakini angalau angekuta neno.

Sisi mwaka huo huo wa 2015 tulitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao. Humo, kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia unyonge wa moyo ni kosa, faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Ni sheria kali. Kwa hiyo meseji za jamaa zilikuwa ni jinai. Mwembe haukuwa. Angekuwa na akili angetupa simu akabaki na mwembe.

Niliyasema hayo yote mbele ya msaidizi wa kisheria mmoja wa kujitolea, mama wa makamo, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, umesoma sana, ila umeruka." Akanionyesha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985. Humo mna kitu cha kizamani kabisa: hakimu akiambiwa chini ya kiapo kwamba mtu fulani anaelekea kuvunja amani, anaweza kumwita ajieleze kwa nini asitakiwe kusaini dhamana ya kutunza amani, pamoja na wadhamini, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Hakisubiri damu, wala hakiulizi kama mlioana. Anayefungwa kamba ni yeye anayeandama, na msichana anabaki na cherehani yake.

Nikamuuliza mbona hakuna anayekijua. Akasema, "Kinatumika sana kwa watu wa mashamba na wa siasa. Kwa msichana hakuna anayefikiria."

Hapa niungame. Wakati mimi natafuta vifungu, nyumbani watu wa jamaa walikuwa wamefika na mshenga. Walitaja ng'ombe. Idadi siitaji, ila ilikuwa ya kumfanya baba anyamaze kidogo kabla ya kujibu. Jioni akaniita. "Unajua hao ng'ombe ni wa nani?" Najua. Ni wangu. Wangeniolea mimi, na nina mtu wangu Mugumu ambaye kwao wanauliza kila mwezi. Usiku ule nililala vibaya. Marafiki zangu wao walikuwa na ufumbuzi wao, wa panga, na nao niliufikiria kwa dakika nyingi kuliko inavyopendeza kusema. Asubuhi Dada akaniuliza umelala, nikasema nimelala. Akasema, "Mimi sijalala miezi minane." Nikaenda nikamwambia baba.

Hati ya kiapo iliandikwa na yule mama. Dada alisema mbele ya hakimu mambo yote kwa tarehe, maana mshonaji huandika kila siku daftarini, na katika daftari la vipimo vya watu alikuwa ameandika pembeni: *yupo*, *yupo*, *tochi*, *yupo*. Hakimu alilisoma lile daftari kwa muda mrefu. Jamaa alikuja na shati lile lile. Akasema anampenda. Hakimu akamwambia hakuna aliyemuuliza hilo.

Akasaini, kwa mwaka mmoja, na wadhamini wawili: baba yake mdogo na mwenye duka anakonunua mafuta. Fedha wamezitaja kwenye karatasi. Nilidhani karatasi ni karatasi tu. Mwezi wa pili akaonekana tena chini ya mwembe, asubuhi. Kabla ya saa sita baba yake mdogo alikuwa ameshafika na fimbo ya kuchungia, jasho linamtoka. "Unataka niuze ng'ombe wangu kwa ajili yako?" alimfokea mbele ya soko zima, na watu wakacheka, na jamaa akaondoka naye. Tangu siku hiyo anapita njia ya juu.

Baba hajanisamehe sawasawa, ila ameshonewa suruali na Dada na anaivaa. Kule Mugumu bado wanauliza. Nakala ya dhamana Dada ameibandika kwa ndani nyuma ya mlango wa kibanda, juu ya kalenda. Inaisha Agosti. Juzi, akiwa ameshika sindano mdomoni, aliniuliza kama inaweza kuongezwa. Nimemwambia nitamuuliza yule mama Jumatatu.